Deni la kweli halihalalishi kitisho

Wengi huamini kwamba mtu aliyedhulumiwa kweli hawezi kushtakiwa kwa kudai fedha kwa vitisho, kwa kuwa anachodai ni haki yake. Imani hiyo ni ya hatari. Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1968, katika kifungu cha 21, hupima mambo mawili: iwapo mdai aliamini kuwa ana sababu za msingi za kudai, na iwapo aliamini kuwa kitisho alichotumia ni njia inayofaa ya kulitilia nguvu dai lake. Kuandika "nilipe, la sivyo nitafungua kesi ya madai" ni halali. Lakini "nilipe, la sivyo nitaianika siri ya ndoa yako" kwaweza kumfunga mdai wa deni la kweli hadi miaka 14.