Dola bila dhahabu: kilichotokea 1971 na kinachoishikilia mpaka leo

Juni 2024 habari moja ilisambaa mitandaoni kwa kasi: kwamba mkataba wa miaka 50 uliowalazimisha Wasaudia kuuza mafuta kwa dola umefikia kikomo, Saudia imekataa kuuhuisha, na dola inaanguka. Mkataba wa aina hiyo haukuwahi kuwapo. Kilichotiwa saini Washington tarehe 8 Juni 1974 kilikuwa makubaliano ya kuunda tume ya pamoja ya ushirikiano wa kiuchumi, na hakikuwalazimisha Wasaudia kuuza mafuta kwa dola peke yake. Pembeni yake palikuwa na mpango wa kimyakimya wa Saudia kuwekeza fedha za mafuta kwenye hatifungani za serikali ya Marekani, yaani kuikopesha serikali hiyo, na huo ndio ulikuwa na uzito kuliko tume yenyewe.

Uvumi kama ule hushika kwa sababu watu wanaiona nguvu ya dola kila siku lakini hawajaonyeshwa imekaa wapi. Haiko kwenye dhahabu, wala haiko kwenye mkataba wa mafuta.

Dhahabu kwanza. Julai 1944, vita ikiwa bado inapiganwa, wajumbe wa nchi 44 walikutana katika hoteli ya Mount Washington huko Bretton Woods, jimbo la New Hampshire. Kutoka Afrika walikuwapo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zilisemewa na London. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alitaka iundwe fedha mpya ya kimataifa aliyoiita bancor, pamoja na chombo ambacho kingeibana nchi yenye ziada ya biashara sawasawa na yenye deni. Harry Dexter White wa Hazina ya Marekani hakukubali, na si ajabu: mwenye ziada alikuwa Marekani. Karibu theluthi mbili ya dhahabu yote iliyokuwa mikononi mwa serikali duniani ilikuwa kwenye maghala yake.

Utaratibu uliopitishwa ulikuwa na ngazi mbili. Kila nchi ilifunga sarafu yake kwa dola, isipande wala kushuka zaidi ya asilimia 1. Marekani nayo ikafunga dola kwa dhahabu, dola 35 kwa wakia moja, yaani gramu 31.1. Benki kuu ya nje ikipeleka dola zake, inapewa dhahabu. Haki hiyo haikuwa ya kila mtu. Raia wa Marekani wenyewe walikuwa wamepigwa marufuku kuweka dhahabu ya akiba tangu 1933, na marufuku hayo yaliondolewa mwisho wa 1974.

Mnyororo huu uliifikia hata shilingi. Shilingi 20 za Afrika Mashariki zilikuwa pauni moja ya Uingereza, na kuanzia 1949 pauni moja ilikuwa dola 2.80. Gawanya 20 kwa 2.80 unapata 7.14, na hicho ndicho kiwango cha shilingi kwa dola ambacho Tanzania, Kenya na Uganda ziliondoka nacho zilipoanza kutoa sarafu zao 1966. Uingereza iliposhusha pauni hadi dola 2.40 Novemba 1967, nchi hizi tatu hazikuifuata. Zilibaki kwenye 7.14, na pauni ikawa shilingi 17 na senti chache.

Kasoro ilikuwa ndani ya mfumo wenyewe. Dunia ilihitaji dola ili ifanye biashara, na dola haziwezi kufika nje mpaka Marekani itumie au ikopeshe zaidi ya inavyopokea. Zikishakuwa nje nyingi kuliko dhahabu iliyo ghalani, ahadi ya 35 inabaki maneno matupu. Mchumi Robert Triffin, mzaliwa wa Ubelgiji, alionya hivyo mapema, karibu na mwaka 1960. Kisha ikaja gharama ya vita vya Vietnam juu ya matumizi makubwa ya ndani ya Rais Lyndon Johnson, huku Ujerumani Magharibi na Japani zikizidi kuuza bidhaa. Ufaransa ya Rais de Gaulle ikawa inageuza dola zake kuwa dhahabu bila kuona haya. Benki kuu za Magharibi zilijaribu tangu 1961 kuuza dhahabu kwa pamoja London ili bei ya sokoni isipite 35; Machi 1968 zikashindwa, na kukawa na bei mbili, ya serikali na ya soko. Kufikia 1971 akiba ya dhahabu ya Marekani ilikuwa chini ya nusu ya ile ya miaka 20 nyuma.

Ijumaa ya tarehe 13 Agosti 1971 Rais Richard Nixon aliwakusanya washauri wake Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani, akiwamo Waziri wa Hazina John Connally, Arthur Burns wa Benki Kuu na Paul Volcker, aliyekuwa naibu wa Connally. Tangazo lilitolewa Jumapili usiku kwa makusudi, masoko yakiwa yamefungwa. Lilikuwa na mambo matatu makubwa: benki kuu za nje hazitapewa tena dhahabu kwa dola, mishahara na bei vinasimamishwa palepale kwa siku 90, na bidhaa nyingi zinazoingia nchini zinaongezewa ushuru wa asilimia 10. Burns hakutaka ubadilishaji wa dola kwa dhahabu usitishwe, alishindwa hoja. Kusimamisha bei kulipendwa sana na wapiga kura, na kama sera kulikuwa kubaya kuliko yote matatu, kwa maana mfumuko ulizuiwa kwa mkono tu na ulirudi kwa hasira mkono ulipoondolewa.

Desemba mwaka huohuo bei rasmi ya dhahabu ilipandishwa hadi dola 38, Februari 1973 hadi 42.22, na Machi 1973 sarafu kubwa zikaachwa zielee, thamani yake ikipangwa na soko. Hadi leo Hazina ya Marekani huandika dhahabu yake, tani zaidi ya 8,100, kwa dola 42.22 kwa wakia, bei ambayo hakuna sonara atakayekuuzia hata punje.

Kwa hesabu ya kawaida dola ingepaswa kufifia hapo. Lakini kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 mafuta yalipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu 12 kwa pipa. Nchi za Ghuba zikapata fedha zisizojua pa kuziweka, na soko pekee lililoweza kuzimeza lilikuwa la hatifungani za Marekani na benki kubwa za Magharibi. Benki hizo zikazikopesha kwa nchi maskini, mara nyingi kwa riba inayobadilika. Mtego ulikuwa hapo. Volcker, sasa akiwa gavana wa Benki Kuu, alipoamua Oktoba 1979 kuuvunja mfumuko wa bei wa Marekani, riba ya msingi ilifika karibu asilimia 20. Mfumuko ulishuka kutoka wastani wa asilimia 13.5 mwaka 1980 hadi karibu 3 mwaka 1983, na ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 kabla ya hapo. Agosti 1982 Meksiko ikatangaza haiwezi kulipa. Tanzania, iliyokwisha kuchoshwa na bei ya mafuta, vita dhidi ya Idi Amin na mazao yaliyoporomoka bei, iligombana kwa miaka na Shirika la Fedha la Kimataifa, Mwalimu Nyerere akikataa kushusha shilingi kwa kiwango walichotaka. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, shilingi ilishushwa kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola na makubaliano yakasainiwa.

Sasa tazama malipo ya leo. Mfanyabiashara wa Kariakoo ana ankara ya dola 40,000 kutoka Guangzhou. Benki yake Dar es Salaam ina akaunti ya dola katika benki mwenza iliyoko New York. Kinachotumwa kupitia SWIFT, kampuni ya Ubelgiji, ni ujumbe tu. Fedha yenyewe inahama New York, ikikatwa kwenye akaunti moja na kuingizwa kwenye nyingine. Hapa ndipo wengi wanapokwama: kwenye fomu wanachagua makato yagawanywe (SHA), benki ya katikati inakata ada yake, muuzaji anapokea pungufu ya ankara na kushikilia hati ya mzigo. Bidhaa ikiandikwa kwa jumlajumla, "mali mchanganyiko" kwa mfano, malipo yanaweza kusimamishwa kwa uchunguzi.

Kwa kuwa kila dola ya namna hii hupita New York, sheria ya Marekani inaikuta njiani. Mwaka 2014 BNP Paribas, benki ya Ufaransa, ilikubali kulipa karibu dola bilioni 9 kwa miamala ya Sudan, Iran na Kuba, nchi zilizokuwa chini ya vikwazo vya Marekani, ingawa miamala hiyo haikuanzia Marekani wala kuishia huko.

Kwa upande wa akiba, dola ilikuwa karibu asilimia 72 ya akiba za fedha za kigeni za benki kuu duniani mwaka 2001; mwisho wa 2024 ilikuwa takriban 58. Inashuka, ila polepole, na yuro imebaki karibu 20, yuan ya China karibu 2. Benki kuu inayotaka kuweka mabilioni na kuyatoa kesho asubuhi bila kuvuruga bei haina mahali pengine pa ukubwa ule, na China bado inadhibiti fedha zinazotoka kwake.

Ndiyo maana mtu wa Nairobi huuhisi uamuzi wa Washington asioujua. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Wawekezaji wakahamia huko, shilingi ya Kenya ikafika karibu 160 kwa dola Januari 2024, huku deni la dola bilioni 2 la mwaka 2014 likisubiri kulipwa Juni. Februari Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo, lililokuwa na riba ya 6.875. Wiki chache baadaye shilingi ilikuwa imerudi karibu 130.