Kwa nini nywele za kipilipili hukatika zaidi Mbeya ikiingia baridi?

Mwishoni mwa Juni, Mbeya ikishaingia baridi yenyewe, dada anayenisuka pale Mwanjelwa huulizwa swali lilelile kutwa nzima: "Dada, nywele zinakatika, nipake mafuta gani?" Naye hujibu kwa swali: "Mara ya mwisho zimeona maji lini?" Wengi hunyamaza. Maji ya asubuhi yanauma vidole, nani atayamwaga kichwani?

Swali la dada huyo linagusa jambo ambalo watu wa hali ya hewa walilijua zamani. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alieleza kifaa alichokitengeneza cha kupimia unyevu wa hewa. Kiungo chake kikuu kilikuwa unywele wa binadamu uliovutwa ukanyooka. Hewa ikipata unyevu unywele ulirefuka, ikikauka ulifupika, na mshale ukasogea. Kutoka hewa kavu kabisa hadi hewa iliyoshiba unyevu, unywele hurefuka kwa kama asilimia 2 hadi 2.5. Katika hewa iliyoshiba, unaweza kubeba maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Kwa hiyo unywele ulioko kichwani mwako, ingawa hauna uhai, hunywa maji kutoka hewani na kuyarudisha hewani mchana na usiku.

Sasa tazama hewa ya kwetu. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa ni zaidi ya mita 1,500, na Njombe inakaribia 2,000. Mvua zikishakatika mwezi wa tano, tunakaa miezi mingi bila tone la maana. Usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete baridi hugandisha umande juu ya majani. Hewa baridi haina nafasi ya kubeba mvuke mwingi: kwenye nyuzi 8, mita moja ya ujazo inabeba gramu 8 tu hivi, ilhali kwenye nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30. Asubuhi hewa hiyo huonekana nyevu kwa sababu kidogo ilichonacho kimeijaza. Jua likitoka na joto kufika nyuzi 22, hewa ileile sasa ina nafasi ya gramu 19 lakini bado imeshika 8. Ina kiu, na itanyonya maji popote itakapoyapata: midomo, visigino, nguo kwenye kamba, nywele. Ongeza upepo. Anayepajua Makambako hahitaji kuelezwa.

Ndiyo maana ndugu anayekuja kutoka Dar kwa likizo ya Julai hufika na nywele laini, na wiki mbili baadaye zinakwaruza kama katani. Mafuta ni yaleyale aliyokuja nayo. Hewa ndiyo imebadilika.

Nywele zetu zinaumia zaidi kwa sababu ya umbo lake. Ukiukata unywele wa kipilipili na kuutazama kwa hadubini, utauona bapa, umefinywa kama utepe, na utepe huo umejisokota tangu ngozini. Kila unapopinda, magamba madogo yanayoufunika unywele huinuka kidogo, na hapo ndipo maji hutokea na ndipo unapovunjika. Halafu kuna mafuta ya asili ya ngozi ya kichwa. Kwenye nywele zilizonyooka hushuka yenyewe hadi nchani. Kwetu yakutane na kona ngapi? Yanaishia karibu na shina, ndiyo maana unaweza kuwa na ngozi yenye mafuta na ncha kavu kichwa kilekile.

Kabla hujatumia hata shilingi, fanya jambo moja. Chana nywele juu ya kitambaa cheupe, kisha uokote zilizodondoka na uzitazame dirishani. Unywele mrefu wenye kijipunje cheupe upande mmoja umeng'oka kutoka kwenye shina. Huo umemaliza muda wake, na mtu mzima hupoteza kati ya 50 na 100 za namna hiyo kwa siku. Vipande vifupi visivyo na punje ni nywele zilizokatika, na hizo ndizo ninazozizungumzia hapa. Ukiona zenye punje zinadondoka kwa mafungu, au ngozi inabaki wazi mahali pamoja, nenda zahanati. Upungufu wa damu na magonjwa ya ngozi hayatibiwi kwa parachichi.

Nakumbuka nilivyookota vipande vyangu. Nilikuwa nimeweka dawa ya kulainisha kwenye saluni moja, ikaachwa ikae hadi kichwa kikawaka moto, na siku ileile nywele zikapigwa pasi hazijakauka sawasawa. Nilitoka ziking'aa. Wiki tatu baadaye chanuo lilikuwa linajaa vipande vya urefu wa kidole kimoja, na nyuma ya kichwa palikuwa pamebaki kama shamba lililoliwa na mbuzi. Nililia. Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Dawa ile huvunja vifungo vinavyoupa unywele umbo na nguvu, na vikishavunjika havirudi. Na pasi ya moto ikikuta maji ndani ya unywele huyachemsha humohumo, mvuke ukatoboa vijishimo kwa ndani. Unywele wa hivyo hakuna mafuta wala maji ya mchele yatakayouponya. Unasubiri zile mpya ziote, karibu sentimita moja kwa mwezi, huku ukipunguza za zamani kwa mkasi kidogo kidogo. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nilinunua makopo mengi yaliyoniahidi kuunganisha ncha zilizopasuka. Ncha iliyopasuka haiungani. Inakatwa, au inaendelea kupasuka kuelekea juu.

Nywele ambazo bado ni nzima lakini kavu, hizo zinasaidika, tena kwa gharama ndogo.

Anza na maji. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kufunika. Ukipaka mafuta ya mgando kwenye nywele zilizokauka, umefunika sufuria tupu jikoni. Ukiyapaka kwenye nywele zenye unyevu, kopo lilelile la bei ndogo linafanya kazi nzuri sana, maana ni mafuta machache yanayozuia maji kutoroka kama hayo. Gliserini ya duka la dawa nayo hushika maji, lakini ukiipaka tupu Julai, katika hewa isiyo na unyevu, utabaki na kichwa cha kunata. Kijiko kidogo kwenye chupa ya maji ya kupulizia kinatosha.

Mimi naosha Jumamosi kila baada ya siku saba hadi kumi, kuanzia saa tano asubuhi jua likiwa limekolea, kwa maji ya uvuguvugu, ili hadi jioni kichwa kiwe kikavu. Sabuni ya mche niliiacha. Inatoa uchafu vizuri, lakini ukali wake wa magadi huinua yale magamba ya unywele, na ndio ule mlio wa nywele kugoma vidole unaposuuza. Kama huna shampuu, na sabuni ndiyo iliyopo, suuza mwisho kwa lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha siki, magamba yalale. Shampuu yenyewe weka kwenye ngozi ya kichwa. Povu likishuka wakati wa kusuuza linatosha kusafisha ncha.

Pesa yako ndogo iweke kwenye kondishena. Hapa nina msimamo, na nimeujaribu kwa miaka: kopo kubwa la bei ndogo linatosha. Unywele ulioumia hubeba chaji hasi, na viungo vya kulainisha vilivyomo kwenye kondishena vina chaji chanya, kwa hiyo hujishika wenyewe pale palipoumia zaidi. Kopo la bei kubwa hutegemea jambo hilohilo. Gawa nywele mafungu manne, ubane matatu, na moja ulipake kondishena hadi liteleze kama bamia. Weka maji kidogo juu yake. Anza kuchana kwa vidole kutoka nchani. Ukikuta fundo, usivute. Shika unywele juu ya fundo kwa mkono mmoja, utenganishe taratibu kwa mwingine, kisha ndipo upitishe chanuo la meno mapana, ncha kwanza, halafu katikati, shina mwisho. Unywele uliolowa hunyumbuka lakini nguvu yake imepungua, kwa hiyo haraka ya dakika tano hapa inaweza kukugharimu ukuaji wa miezi mitatu.

Watu wa Rungwe na Njombe wataniuliza kuhusu parachichi, maana yanatuangukia hadi mlangoni. Lina mafuta mazuri, hilo halina ubishi, na ukilisaga ukalichuja kwa kitambaa linalainisha kwa siku hiyo. Usipolichuja utaokota vipande vya kijani hadi Jumatano. Binafsi naona lifae zaidi kwenye sahani. Yai ndiyo silishauri kabisa: protini yake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, na ukilisuuza kwa maji ya moto linaivia kichwani.

Mafuta ya nazi yana hadhi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, kwa sababu chembe zake ni ndogo na zimenyooka, zinapenya ndani. Kwa hiyo ni mazuri kupakwa usiku wa kuamkia kuosha. Lakini kuna jambo la kwetu: mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Mbeya utayakuta meupe magumu kwenye chupa. Nimesikia wengi wakimlaumu muuzaji kwamba kachanganya. Mara nyingi hajachanganya kitu, ni baridi tu. Tumbukiza chupa kwenye bakuli la maji moto dakika chache. Kijiko cha chai kimoja au viwili vinatosha kichwa kizima. Ukikosa ya nazi, ya alizeti yale ya kupikia yanafunika vizuri juu ya nywele zenye unyevu.

Ukishaosha, zikaushe kwa fulana kuukuu ya pamba, maana vijinyuzi vya taulo huzikwaruza. Halafu usizipeleke kwenye draya. Bibi yangu Tukuyu alisuka nywele za uzi maisha yake yote, na sisi wajukuu tulizionea aibu shuleni. Leo ndizo ninazosuka. Uzi mweusi wa dukani ni wa bei ndogo, unanyoosha nywele bila moto, unafunika unywele kuanzia shina hadi karibu na ncha usiguswe na upepo, na baada ya siku tatu ukiufungua nywele ni ndefu na laini. Mwambie tu msusi asikaze. Ukishindwa kulala siku ya kwanza kwa maumivu, nywele za pembeni zinang'oka, na zikizoea kung'oka huacha kuota.

Limebaki jambo la kichwani usiku na la kichwani asubuhi. Foronya ya pamba hunyonya unyevu na kukwaruza, kwa hiyo funga kitambaa cha satini. Asubuhi wengi wetu tunavaa mzula hadi saa nne, na mzula wa sufu ndio unaokata nywele za mbele na za kisogoni bila mtu kushtuka, maana unasugua kila ukigeuza shingo. Mimi nilinunua koti la mtumba lililochoka nje lakini bitana yake ilikuwa nzima, laini, rangi ya zambarau. Fundi wa cherehani jirani yangu aliifumua, akakata duara mbili na kuzishonea ndani ya mizula miwili, wangu na wa binti yangu, na kipande kilichobaki kikawa kitambaa cha kulalia. Aliponivalisha nigeuze shingo kulia na kushoto, uliteleza tu.