PR si kupiga picha na kugawa tisheti

Huku kwetu Lamu ukisema wewe ni afisa wa uhusiano mwema (PR) watu wanajua tu kazi yako ni kumpiga bosi picha, kugawa tisheti na kupamba mambo yaonekane mazuri, na hata mabosi wenyewe wengi wanaamini hivyo, ndo maana tunaitwa mambo yakishaharibika.

Dhana iliyotuumiza zaidi ni hii ya kwamba PR ni kusema. Nusu ya kazi ni kusikiza jamani, na ushahidi tunao hapa hapa. Ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050, ulipata leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, 2016, na Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa vile sheria inavyotaka. Mikutano ya mwanzo ilikuweko, lakini ripoti ya athari za mazingira ilipokuwa tayari watu hawakurudiwa waelezwe yaliyomo na wasikizwe. Sasa hapo bango lingesaidia nini? Mvuvi anataka kujua maji ya moto ya mtambo yakimwagwa baharini samaki watakuwaje, na hilo huwezi kumjibu kwa tisheti.

Wengine wanaona ni matangazo tu. Tangazo unalipia nafasi unasema utakalo, lakini habari mwandishi ndo anaamua aandike au aache, na hizi bahasha za "nauli" wanazopewa waandishi baada ya mkutano mimi nazipinga kabisa, zinaua imani ya msomaji.

Eti pia ni kazi ya kuficha aibu. 1906 kule Marekani treni ilitumbukia majini Atlantic City wakafa watu zaidi ya 50, na Ivy Lee, mmoja wa waasisi wa PR, aliyekuwa akifanyia kazi kampuni ya reli ya Pennsylvania, akawatolea waandishi taarifa mapema na kuwasaidia kufika penye ajali, wakati desturi ya makampuni ilikuwa kunyamaza.

Na si mambo ya makampuni makubwa peke yake. Nahodha wa boti anayewapigia wageni alfajiri, hawajatoka na mizigo, akawaambia kusi imechachamaa leo sitoki, mkitaka pesa zenu hizi hapa, mkitaka twende kesho, huyo anaifanya kazi hii vizuri kuliko maafisa wengi, na wageni hao hao ndo watakaowapa wenzao namba yake.