Je, wajua mguu ulioinuliwa msituni hutuaje sebuleni?

Kijana amesimama katikati ya miti. Anainua mguu taratibu, anaunyoosha, kisha anaushusha. Unapogusa chini, msitu haupo tena: yuko sebuleni. Hakufungua mlango wowote.

Filamu hiyo ni A Study in Choreography for Camera, aliyoitengeneza Maya Deren kule Marekani mwaka 1945. Mchezaji ni Talley Beatty. Haifiki dakika tano na haina sauti. Niliwaonyesha vijana ninaowafundisha baleti hapa Kibera, wakaniomba niirudishe mara nne. Swali lao lilikuwa moja: "Mwalimu, amefanyaje?"

Mwendo ule ulirekodiwa mara mbili, msituni na ndani ya nyumba. Kipande cha kwanza kikakatwa mguu ukiwa bado njiani, kikaungwa na cha pili mguu ukiwa palepale njiani. Jicho likishaanza kufuata kitu kinachosogea, huambatana nacho na kusahau kuuliza ukuta umetoka wapi. Lakini ukikata mguu ukiwa umetulia, mtazamaji anapata nafasi ya kukagua mandhari, na ule muujiza unakufa.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, filamu zinazofuata mantiki ya ndoto, zile za usarealisti, zimeipenda sana densi. Ndoto haina kisa cha kuishikilia, kwa hiyo mwili unaosogea unakuwa uzi wa kushonea vipande. Wengi humweka Deren katika kundi hilo. Mwenyewe alilikataa jina hilo, nami namwelewa, maana kila kitu humu kimepimwa. Hata mruko wa mwisho, unaomfanya Beatty aelee angani kuliko binadamu yeyote awezavyo, umeungwa kwa vipande vya miruko kadhaa.

Ukikaa Kenya National Theatre, unaliona jukwaa kutoka kiti chako, basi. Kamera haina kiti. Mwaka 1924, katika Entr'acte, filamu ya René Clair, iliyoonyeshwa Paris wakati wa mapumziko ya onyesho la baleti, mchezaji alirekodiwa kutoka chini, kupitia sakafu ya kioo. Sketi yake inafunguka na kujifunga kama ua. Kisha kamera inapanda hadi usoni, na tunakuta ndevu.

Vijana wangu walitaka kujaribu wenyewe kwa simu. Tulikwenda msitu wa Karura asubuhi, tukarudi Kibera mchana. Mara ya kwanza ilikataa: nyumbani kwa mmoja wao, mguu wake ulishuka haraka kuliko ulivyoshuka msituni. Mara ya pili kamera ilikuwa karibu mno. Tukaamua kuhesabu kwa sauti, moja hadi nane, kote kuwili, na kupima umbali wa kamera kwa hatua. Mara ya tatu mguu ulitoka kwenye miti ya Karura ukatua kando ya jiko la mama yake, chapati zikiwa motoni.