Seli za mishipa ya limfu si seli za limfu

Nimesikia tena habari ya seli shina ikisimuliwa hivi: "wametengeneza seli za limfu." Walichotengeneza watafiti ni seli za mishipa ya limfu. Neno mishipa likidondoka, habari inakuwa nyingine kabisa.

Maana yenyewe ni fupi. Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi; maabara huipa protini fulani, kwa zamu na kwa kipimo, mpaka ishike kazi inayotakiwa. Hapa kazi ni kutandika kuta za ndani za mishipa hiyo, yaani mirija inayokusanya majimaji yaliyovuja kutoka kwenye damu, ambayo ndiyo limfu, na kuyarudisha humo. Mirija hiyo ikiharibika, kwa mfano tezi za limfu za kwapani zinapoondolewa kwa ajili ya saratani ya matiti, mkono unaweza kuvimba miaka na miaka. Ndiyo maana kazi hii ina uzito.

Sasa, "seli za limfu" kwa anayesikia ni limfosaiti, zile seli nyeupe za kinga. Hizo husafiri ndani ya mrija. Tunazozizungumzia ndizo mrija wenyewe.

Wengine hurekebisha kwa kusema "mishipa ya damu", na hapo lugha yetu ina mchango wake. Mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, hata ugonjwa wa ngiri huitwa mshipa. Usipotaja wa nini, msikilizaji huchagua damu. Kuchanganya huku ni kwa zamani. Mwaka 1622 daktari Mwitaliano Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyetoka kula, akaona nyuzi nyeupe tumboni, akaziita vena za maziwa, ingawa vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni, na nyuzi hizo zilikuwa mishipa ya limfu. Limfu lenyewe ni neno la Kilatini, lympha, maji maangavu.

Na nikiri kwamba damu ina sehemu yake humu. Mwaka 1902 mwanasayansi Mmarekani Florence Sabin, akichunguza viinitete vya nguruwe, alieleza kwamba mishipa ya limfu huchipuka kutoka kwenye vena, na kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi. Baadhi ya seli za ukuta wa vena huwasha jeni iitwayo PROX1, huacha uvena, kisha hutoka nje zikiitikia protini ya VEGF-C. Maabara nazo hujaribu kuipitisha seli shina njia hiyohiyo. Ila PROX1 ikizimwa, hata katika seli iliyokwisha komaa, seli huanza kurudia tabia za mshipa wa damu. Tofauti ambayo seli inailinda kila siku, nasi tusiipoteze kwa neno moja.

Basi tuseme kwa ukamilifu: seli za mishipa ya limfu. Na zikiwa bado kwenye sahani ya maabara, tuziite seli, hazijawa mishipa.