Jeraha Lililoonekana Kama Uchafu: Dhana Potofu Kuhusu Mekapu ya Jukwaani

Jeraha langu la kwanza lilinichukua saa mbili nzima. Nililitengeneza shavuni kwa mwanafunzi mwenzangu: mpasuko mdogo, damu iliyoanza kuganda, wekundu ukififia taratibu kuelekea sikioni. Mbele ya kioo wenzangu walikuja kulipiga picha. Mwalimu hakusema neno. Alimpandisha yule mwenzangu jukwaani, akaniambia nikakae safu ya mwisho. Nikaenda, nikakaa, nikatazama. Jeraha halikuwepo. Shavu lilionekana kama la mtu aliyesahau kunawa.

Tangu hapo nimesaidia madarasa kadhaa ya wanaoanza, na makosa ni yaleyale. Mengi si ya mkono. Ni mawazo ambayo mtu huingia nayo mlangoni.

"Ikipendeza kwenye kioo, imepita"

Kioo kiko sentimita 40 kutoka usoni. Mtazamaji anaweza kuwa mita 20. Kwa umbali huo jicho halioni mkwaruzo, linaona doa: giza kando ya mwanga. Kwa hiyo jeraha la jukwaani hufanywa kubwa kuliko lilivyo, giza na mwanga vikitofautishwa kwa nguvu, na ukilisogelea linaonekana la ovyo. Kamera ni kinyume chake. Inaona ukingo wa ngozi bandia ambao haujashika, inaona poda iliyokaa kwenye vinyweleo. Ndiyo maana bingwa wa video za simu anaweza kufeli jukwaani, na wa jukwaani akachekwa mbele ya kamera. Ukumbi mdogo, wenye viti vya mbele vilivyo karibu kabisa na waigizaji, ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu unataka yote mawili.

Halafu kuna taa, ambazo darasani hakuna anayezikumbuka. Rangi nyekundu huonekana nyekundu kwa kuwa inaurudisha mwanga mwekundu machoni. Taa ya buluu haina mwanga huo wa kurudishwa, hivyo damu yako inageuka nyeusi kama lami. Chini ya taa ya kijani nayo inakuwa kahawia nzito, karibu nyeusi. Taa nyekundu ndiyo hatari kuliko zote: wekundu wa midomo na mashavu unamezwa, kila kitu kinakuwa sawa na ngozi. Siku hizi kabla sijafungua kopo lolote naenda kwa fundi taa kumuuliza mtu anauawa chini ya taa gani.

"Damu ni damu"

Mpe mwanafunzi kazi ya mtu aliyepigwa jichoni, atashika nyekundu, zambarau, kijani na njano, azipake zote. Hapo amechora wiki mbili katika jicho moja.

Ngozi iliyopigwa sasa hivi inavimba na kuwa nyekundu. Baada ya siku moja au mbili damu iliyovilia chini yake inaonekana ya buluu au zambarau. Kijani huja siku kadhaa baadaye, mwili unapoivunja himoglobini, ile inayoipa damu wekundu, na kuigeuza biliverdini, ambayo ni ya kijani. Njano ni bilirubini, hatua inayofuata, kisha alama inafifia. Rangi hizi hupishana, na njano inaweza kuanza pembeni huku katikati bado peusi, lakini kijani hakina kazi kwenye ngumi ya dakika tano zilizopita. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu wa mwanzo huonekana kwa shida. Kinachoonekana ni uvimbe, mng'ao wa ngozi iliyotuna, na weusi wenye zambarau ndani yake. Njano ya kopo ikipakwa moja kwa moja juu ya ngozi hiyo inakaa kama chaki. Inabidi uichanganye na kahawia kwanza, na uitie kidogo kidogo.

Damu nayo ina saa yake. Mbichi inang'aa, ikikauka inakwenda kahawia. (Hakuna damu ya buluu mwilini, hata kwenye vena, ni nyekundu iliyokolea tu.) Kwa hiyo nikipewa jeraha nauliza maswali ya polisi: alipigwa na nini, lini, na ameshaoga?

"Uzee ni mistari"

Chora mistari ya kahawia kwenye paji la uso, utapata kijana aliyechorwa mistari. Mkunjo wa ngozi una pande mbili: ulioingia ndani una giza, uliotuna unashika mwanga. Giza linakuwa kali palepale penye mkunjo, kisha linafifia kuelekea upande mmoja tu. Na uzee hauanzi na mikunjo. Unaanza pale ngozi inapoikaribia mifupa: kwenye panja, chini ya mashavu, shingoni, na mgongo wa kiganja ambao kila anayeanza huusahau. Nimemwona bibi wa miaka 80 akiinua mkono wa msichana wa miaka 19, ukumbi mzima ukacheka.

Dick Smith, fundi mekapu wa filamu, alipomfanya mwigizaji Dustin Hoffman kuwa mzee wa miaka 121 katika filamu Little Big Man ya mwaka 1970, hakumvika kinyago kimoja. Alimbandika vipande vyembamba vya povu la lateksi, yaani mpira laini, vilivyopandiana, ili uso uendelee kucheza chini yake. Uzee unaotembea na uso ni kitu kingine kabisa na uzee uliobandikwa juu ya uso.

"Kikiwa cha asili, au kikiwa dukani, hakidhuru"

Hapa sina utani. Lateksi ni utomvu wa mti wa mpira, na neno hilo "mti" ndilo linalowapa watu moyo. Utomvu huo una protini ambazo baadhi ya miili haizivumilii, kuanzia vipele hadi kubanwa pumzi. Ile ya maji huhifadhiwa kwa amonia, ndiyo harufu inayochoma macho chupa ikifunguliwa. Paka tone ndani ya kiwiko cha mwigizaji siku moja kabla, na muulize kama glavu au maputo huwa yanamsumbua. Nyusi na nywele usiziguse bila kuzikinga, maana lateksi ikitoka hutoka nazo. Supagluu haina nafasi usoni hata kama gundi ya ngozi imekwisha na pazia linafunguka baada ya dakika kumi.

Hata mabingwa wamekosea. Mwaka 1938 mwigizaji Buddy Ebsen alipewa nafasi ya Mtu wa Bati katika filamu The Wizard of Oz. Alipakwa unga wa alumini, akauvuta, akashindwa kupumua, akalazwa hospitalini. Nafasi ikaenda kwa Jack Haley, ambaye alipakwa alumini iliyokorogwa ikawa uji.

Ninayoiogopa kuliko zote ni plasta ya jasi, kwa sababu inaonekana pole. Inapoganda hutoa joto, na ikiwa nyingi joto hilo halina pa kwenda. Mwaka 2007 huko Uingereza msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya plasta katika somo la sanaa ili apate umbo la mikono yake. Alibakiwa na vidole viwili. Umbo la uso, la kutengenezea vipande vitakavyomkaa mwigizaji, huchukuliwa kwa aljineti, inayotokana na mwani, na bendeji za plasta hukaa nje yake, kuishikilia tu. Matundu ya pua hayafunikwi, mtu mmoja kazi yake ni kuyatazama hayo tu, na kabla hamjaanza mnakubaliana ishara: mkono ukiinuka, kila kitu kinabanduliwa. Aliyefunikwa mdomo hawezi kupiga kelele.

"Ukifuata maelekezo ya kopo, itakubali"

Niliwahi kuchanganya silikoni ya platini, uji unaoganda ukawa ngozi bandia, kwa vipimo kamili, nikaimimina kwenye kalibu, nikalala. Asubuhi sehemu ilikuwa imara na sehemu inanata kama asali. Nilitupa kalibu nzima, nikarudia, ikanata tena palepale. Kisa kilikuwa glavu zangu za lateksi. Silikoni ya aina hiyo hukataa kuiva ikigusana na lateksi, na hukataa vilevile juu ya udongo wa kufinyangia wenye salfa. Glavu za vinaili zilimaliza ugonjwa. Jelatini haina ukaidi huo na ni rafiki mzuri wa mwanafunzi, ila jasho na joto la taa huiyeyusha, na kabla ya kuipaka mtu unaijaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe.

Wapo wanaosema kompyuta itaimaliza kazi hii. Ni kweli, wengi sasa hufinyanga kwenye skrini na kuchapa kalibu kwa printa ya 3D. Ukingo bado unabandikwa kwa mkono, kwenye uso wa mtu anayepumua.

"Pazia likifunga, nimemaliza"

Mwigizaji amechoka, anataka kwenda nyumbani, anashika ukingo wa kovu na kuvuta. Mzuie. Gundi hutolewa kwa kiyeyushi chake, brashi ikipita chini ya ukingo polepole, na hakuna kinachovutwa kabla hakijaachia chenyewe. Kisha mafuta, kisha sabuni laini, kisha maji mengi. Brashi zote zioshwe na kupitishwa kwenye spiriti, kwa sababu kesho zitagusa jicho la mtu mwingine. Katika daftari langu kila kazi ina safu mbili za dakika, za kupaka na za kutoa. Lile jeraha la kwanza, la saa mbili, nililitoa kwa dakika tatu kwa kulivuta, na yule mwenzangu alikaa siku nne na shavu jekundu. Safari hiyo lilionekana hadi safu ya mwisho.