Nyumba ya zamani huhamishika, ila si yote

Wengi Mtwara tunaamini nyumba ikishasimama haihami. Bahari au barabara ikiifikia, ni tingatinga tu. Kwa nyumba za Mikindani za mawe ya matumbawe na chokaa, imani hiyo ina mashiko: ukivunja ukuta ule, unabaki na kifusi.

Nyumba ya mbao ni habari nyingine. Huko New Jersey, Marekani, nyumba iliyosanifiwa 1954 (ndiyo enzi bandari yetu inakamilika) ilisumbuliwa na mafuriko ya mto. Ilifunguliwa, vipande vikaandikwa namba, vikapakiwa kwenye malori hadi Arkansas, na wageni wakaanza kuitembelea 2015. Zilizosafiri ni mbao. Matofali ya saruji yaliachwa, yakatengenezwa mengine.

Ya kwenu je? Panda darini na tochi. Kenchi za boliti hufunguka kwa spana. Za misumari iliyoshika kutu hupasuka zikilazimishwa. Halafu kwangua kwa msumari katikati ya matofali: chokaa humomonyoka na tofali hutoka zima, saruji hung'ang'ania hadi tofali livunjike. Piga picha kila kona kabla fundi hajagusa kitu.